Gauni Lililoshonwa Mwilini

Sitaapa. Kwetu, mtu anayeapa sana huwa ana kitu anataka kukuuzia, nami katika jambo hili sina cha kuuza. Nitakueleza tu lilivyotokea, mchana wa Ijumaa, katika chumba changu cha ushonaji hapa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Usiku uliotangulia nilikuwa nimelala vizuri, homa sina, na chai ya asubuhi ilikuwa bado tumboni. Usiniulize kwa nini halikutokea usiku kama visa vingine. Labda wale wanaokuja usiku wanataka kututisha. Huyu wangu alikuwa na haja ya fundi, na fundi hufungua mlango mchana.

Nilisoma chuo kikuu Bujumbura, nikafundisha historia miaka kumi na minane, hadi mama yangu alipofariki na kuniachia mashine zake mbili za cherehani, meza yake ndefu na wateja wake. Nakueleza haya ili ujue kwamba nimezoea kuuliza ushahidi uko wapi.

Mama, ambaye wateja walimwita Fundi Mwanaisha, alikuwa fundi wa nguo za sherehe, na alikuwa na amri moja: vua kwanza. Mteja akija kifungo kimekatika, amesimama mlangoni, ana haraka, Mama alimwambia, "Vua kwanza." Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka saba, sare imepasuka kwapani na kengele ya shule imeshalia, niliambiwa vua kwanza, nikachelewa na kuchapwa. Tangu nipate akili, sikuwahi kumwona Mama akigusa kwa sindano nguo iliyo mwilini mwa mtu. Nilidhani ni adabu ya kazi tu, kwa sababu nguo iliyovaliwa huficha makosa yake. Sikumuuliza. Wewe umewahi kumuuliza mama yako sababu ya kila neno lake?

Sasa nije kwenye gauni.

Binti yangu wa mwisho, Hadija, alichumbiwa na kijana wa Nyanza-Lac. Bibi yake yule kijana anaitwa Bi Salima, mmoja wa wale waliokimbia wakiwa vijana na kurudi kutoka Tanzania wakiwa na mvi. Wiki tatu kabla ya harusi alituletea sanduku la bati. Ndani, katika shuka nyeupe iliyojaa harufu ya karafuu, mlikuwa na gauni la jioni la hariri, rangi ya kijivu, kijivu kile cha ziwa letu kabla ya mvua kulifikia.

Nimeshika magauni mengi ya hariri. Mengine huja na mitumba, mengine hutoka kwenye masanduku ya mama wazee, na mimi huyarekebisha ili mabinti wa leo wayavae. Ukitaka kujua gauni ni la zama gani, usitazame mbele, geuza ndani. Yale ya zamani kabisa yalikatwa kwa mshazari, hariri ikaachwa iteremke yenyewe mwilini kama maji kwenye jiwe. Ndani ya kiuno mna utepe unaobeba uzito wote, ili bega lisichoke. Na mishono yake ina akiba ya vidole viwili kila upande, kwa kuwa fundi alijua kwamba mwanamke atanenepa, atazaa, na siku moja atampa mwanawe. Baadaye zikaja nguo za kubana kiuno, zenye waya kifuani. Haya ya leo yanayotoka Dubai, akiba yake ya mshono ni nyembamba kuliko kijiti cha kibiriti, na vito vyake vimegandishwa kwa gundi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulikuta katika kitabu chochote nilipokuwa mwalimu. Gauni la zamani lilifungwa kwa kulabu ndogo chini ya kwapa la kushoto, mahali ambapo mkono wa kulia wa mvaaji unafika. Zipu ilipokuja, ikahamia mgongoni, na tangu siku hiyo mwanamke akawa anahitaji mtu wa kumfungulia. Na huko Ulaya, mabibi wakubwa waliotaka gauni libane bila kasoro walishonewa mwilini jioni ile ile ya sherehe, wakafumuliwa alfajiri. Nilikuwa nikiwasimulia wateja wangu jambo hili kwa majivuno kabisa.

Nilipoligeuza gauni la Bi Salima, nilihesabu mishono kwa ncha ya sindano. Kila mshono wa saba ulirudiwa mara mbili. Ni Mama peke yake aliyeshona hivyo. Na ndani ya pindo la chini, ili hariri ining'inie wima, alikuwa ameshonea vipande saba vya risasi, zile zile ambazo wavuvi wetu huzifunga kwenye nyavu ili zizame. Nilimpigia Bi Salima simu papo hapo.

"Bibi, gauni hili alilishona mama yangu!"

"Ndiyo, mwanangu. Alishona mawili."

 Kisha, bila kueleza zaidi, akaniuliza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, Rumonge siku hizi zinauzwaje.

Shida ya gauni ilikuwa moja. Kulabu zilikuwa zimeliwa na kutu, na kutu imekula hariri ya ubavu wa kushoto, ikawa dhaifu kama jani la mgomba lililokauka. Zipu ingelichana. Lakini Hadija alipolivaa, tukilishikilia kwa pini, lilimkaa kana kwamba lilipimwa kwake.

"Mama, iko sawa kabisa!" alisema, akizunguka mbele ya kioo. "Photographe amesema Jumapili tutapanda boti pale bandarini, anipige picha nikiwa nimesimama mbele, robe hii ikipepea. Usiniharibie kwa fermetire, zipu zako hizo."

Basi nikakata shauri: nitamshonea mwilini, kwa mkono, asubuhi ya harusi, na jioni nitamfumua.

Katika chumba changu anafanya kazi mwanamke mmoja kutoka Uvira, upande wa Kongo, Mama Furaha, mtarizi, Mkristo, mwenye ulimi mkali. Aliposikia shauri langu, aliweka kitambaa chini.

"Weye Mama Hadija, unataka kushonea mutoto robe juu ya mwili?"

"Mishono michache tu, Mama Furaha."

"Kwetu, muntu mwenye banashonea nguo ku mwili ni yule mwenye hataamuka tena kuivua. Na mama yako, Mungu amupumzishe, angesema nini?"

"Mama hakusoma historia ya mavazi," nikajibu, nikacheka. Ndiyo, nilicheka.

"Haya, université," akasema, akiokota kitambaa chake. "Siku sindano itakuchoma, utasema ni historia."

Ijumaa ile, siku mbili kabla ya harusi, adhana ya sala ya mchana ilikuwa imekwisha. Katika mtaa wetu wa Waswahili, saa hiyo wanaume wako msikitini, maduka yamefungwa nusu, hata pikipiki hazipiti. Hadija alikuwa kwa shangazi yake akipakwa hina. Mama Furaha alikuwa amekwenda kununua makaa. Nilikuwa peke yangu, nimekaa chini ya sanamu ya mbao iliyovalishwa gauni, nikipima urefu wa pindo.

"Hodi."

"Karibu," nikasema bila kuinua kichwa.

Nilipotazama, nilimwona binti wa miaka kama ishirini na miwili amesimama kizingitini. Alikuwa amelowa tangu nywele hadi vidole vya miguu, na nje jua lilikuwa linawaka. Alikuwa amevaa gauni la hariri la kijivu.

Niamini, jambo la kwanza lililonijia halikuwa hofu. Niliwaza wizi. Nilisema moyoni, binti huyu kalipata wapi gauni la mwanangu? Nikageuka. Gauni la mwanangu lilikuwa palepale kwenye sanamu, na alama zangu za chaki juu yake. Nikamtazama tena aliyekuwa mlangoni. Mkato ule ule, mshazari ule ule, mikunjo ile ile midogo ya kifua. Yalikuwa mawili.

"Fundi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetembea sana, "naomba unifumulie."

Nami, sijui ni kwa mazoea au kwa nini, nikajibu kwa maneno ya marehemu mama yangu: "Vua kwanza."

"Ndiyo nimeshindwa, fundi. Nimejaribu sana. Siwezi kuvua."

Akainua mkono wa kushoto.

Hapakuwa na kulabu wala zipu. Kuanzia kwapani hadi nyongani gauni lilikuwa limefungwa kwa uzi, mishono midogo, mizuri, iliyobana hariri na mwili pamoja. Nilitaka kukimbia. Sina haya kusema hivyo. Lakini mlango ulikuwa mmoja na yeye alikuwa ndani yake, na macho yangu yalikuwa yamekwisha kuona jambo jingine lililonifunga miguu. Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Wa saba ulikuwa umerudiwa.

"Nani alikushonea?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Fundi Mwanaisha. Usiogope. Alinishona vizuri, hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyemwambia kaza. Akaniuliza, utapumua vipi? Nikamwambia, nitapumua kesho."

Hakulia aliposema hivyo. Alisubiri tu, mkono juu, kama anavyosubiri mteja yeyote.

Ungefanya nini wewe? Nilisoma aya zote nilizozijua, nikachukua mkasi mdogo, nikasogea. Alikuwa na harufu ya matope ya kina kirefu, yale yanayokuja juu wavuvi wanapong'oa nanga. Vidole vyangu vilipomgusa ubavu, baridi yake ilikuwa baridi ya tumbo la mtungi. Hapakuwa na kupanda wala kushuka kwa pumzi. Nikaanza juu, kwapani, nikikata uzi mmoja na kuuvuta, mmoja na kuuvuta, taratibu, hariri isichanike. Hapo ndipo hofu ilipobadilika ikawa huzuni. Maana nilikuwa nafumua mkono wa mama yangu, mishono aliyoishona akiwa msichana, kabla sijazaliwa, na mahali pengine niliona alipoharakisha, na mahali pengine alipotulia akafurahia kazi yake. Sijawahi kuwa karibu naye hivyo tangu tumzike.

Nilipofika nyongani, binti akasema, "Na chini, fundi. Chini kuna uzito."

Nikapiga magoti. Nikafumua pindo. Risasi zikaanza kudondoka kwenye sakafu ya saruji, moja baada ya moja, kila moja na kishindo chake. Saba. Ya mwisho ilipodondoka nilisikia mtu akivuta pumzi ndefu juu ya kichwa changu, ya kwanza tangu aingie.

"Sasa vua," nikamwambia. Nikageuza uso, kwa kumsitiri, nikachukua kitenge changu cha kijani kilichokuwa kitini na kumnyooshea nyuma ya mgongo wangu. Kikavutwa kutoka mkononi mwangu, polepole, kwa adabu.

"Murakoze," akasema, akinishukuru kwa Kirundi.

Nikangoja mtu anayejifunga kitenge amalize. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Risasi hazikuwapo. Gauni lake halikuwapo. Sakafu ilikuwa imelowa, na mkononi mwangu mlikuwa na uzi wa hariri, mrefu, uliojikunja kama unywele.

Mama Furaha akaingia na makaa yake kichwani.

"Ni nani anaangusha vyuma humu? Nimesikia tangu kwa muuza makaa." Akatazama sakafu, akanitazama mimi niliyekuwa bado nimepiga magoti. "Yesu wangu! Mama Hadija, na haya maji?"

Nilimwonyesha uzi. Hakutania tena siku ile.

Jumamosi asubuhi na mapema nilipanda gari kwenda Nyanza-Lac. Bi Salima alikuwa uani, akichambua maharage. Nilimsalimu, shikamoo, nikaketi mkekani, na kabla sijamaliza kusimulia aliusukuma ungo kando. Akaniambia lile ambalo mama yangu hakuwahi kuniambia.

Walikuwa dada wawili, Salima na Mariamu. Walialikwa kwenye harusi kubwa Rumonge, na baba yao akanunua jora moja la hariri. Mama, fundi kijana ambaye jina lake ndiyo kwanza linaanza kujulikana, akawashonea magauni mawili yanayofanana. Salima alikuwa na mimba changa, akataka kulabu, ili alegeze akichoka. Mariamu alitaka libane kama la mabibi wa Bujumbura. Zipu iliyoagizwa haikufika. Akamwomba Mama amshonee mwilini, na Mama, kwa kupenda kazi yake, akakubali.

"Harusi haikuisha, mwanangu," Bi Salima alisema. "Zilikuja habari za mauaji, ikabidi kukimbia. Mimi nilifungua kulabu, nikavaa kitenge, gauni nikalifunga kwenye kitita. Kitita akakichukua mume wangu, yeye alitangulia na mtumbwi wa kwanza. Mariamu alisema, nifumueni. Lakini nani angefumua? Fundi hakuwa nasi, wengine washaingia mitumbwini. Tukamwambia panda hivyo hivyo, utavua Kigoma. Mtumbwi wetu ulipinduka hapa karibu, taa za nchi kavu tunaziona. Mimi kitenge kilinitoka, nikaogelea uchi, sikuona haya. Yeye nilimsikia mara moja tu. Alikuwa anasema, siwezi kuvua."

Hakupatikana. Hakuoshwa, hakusaliwa mbele ya jeneza, hana kaburi. Mama alipopata habari, kitu cha kwanza alichouliza ni kama walimfumua. Hakushona hariri tena.

"Mbona ulituletea, bibi?" nikauliza. "Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka mtoto wa mwanangu aoe penye gauni lile, lifurahi kidogo. Lilikuwa na kulabu. Sikujua unataka kumshonea mwilini." Akanishika mkono. "Niambie jambo moja. Alipotoka kwako, alikuwa amevaa nini?"

"Kitenge changu, bibi. Cha kijani."

Akafunika uso kwa upande wa mtandio. Mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu.

"Miaka yote hii," akasema mwishowe, "kila nikimwota amevaa lile gauni. Basi. Amepata cha kujifunika."

Nilirudi Rumonge kabla ya adhuhuri. Nikazitoa risasi zote saba kwenye pindo la gauni la Hadija. Nikageuza ndani, nikachukua ile akiba ya vidole viwili aliyoiacha Mama, hariri ambayo kutu haikuifikia, nikaitengeneza ukanda imara ubavuni na kushonea kulabu kumi na mbili mpya. Hadija alinuna.

"Mama, na photo? Kulabu zitaonekana."

"Zionekane. Fungua."

"Nimefungua."

"Funga. Fungua tena, kwa mkono mmoja. Fumba macho."

"Mama, hii ni harusi ao ni jeshi?"

Alifungua mara thelathini jioni ile, hadi Mama Furaha akawa anamhesabia kwa wimbo.

Jumapili maharusi walipanda boti. Nilisimama bandarini, macho kwenye pindo la Hadija. Alikuwa mzuri, sitasema zaidi, mama hasifu mwanawe. Boti kubwa ilipita, mawimbi yake yakaiinua yao, Hadija akayumba, na pindo la gauni likaingia majini. Likaelea. Niliona kwa macho yangu jinsi lilivyoelea, hariri ile ya kijivu imetanda juu ya maji ya kijivu, nyepesi, haimvuti mtu popote. Hadija akaketi akicheka, akaniona, akanipungia mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ubavuni, kwenye kulabu.

Imepita miaka mitatu. Gauni limerudi Nyanza-Lac, ndani ya sanduku lake la bati. Kitenge changu cha kijani sijakiona tena, na sikitafuti. Ule uzi ninao. Nimeuweka kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, juu ya kabati la chumba cha kushonea. Kila kiangazi, udongo unapopasuka na hata majani ya michikichi yanapofanya vumbi, huteremsha kopo na kuugusa. Mwaka wa kwanza ulikuwa umelowa, maji yanachuruzika. Mwaka wa pili ulikuwa na unyevu tu. Mwaka huu umekaribia kukauka, lakini bado. Siku utakapokauka nitaupeleka ziwani mwenyewe.

Kwa hiyo, msomaji wangu, binti yako akija na gauni analotaka libane kuliko pumzi, mpe. Ni haki yake kupendeza. Lakini mwachie mahali ambapo mkono wake mwenyewe utafika. Na wewe fundi, hata kama ni kifungo kimoja, hata kama mteja ana haraka na gari linampigia honi mlangoni, hata kama umesoma vitabu vyote vya dunia, usimguse kwa sindano. Mwambie alivyokuwa akisema mama yangu, na usione haya asipokuelewa.

Vua kwanza.